Ondoeni Lile Daftari: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Makabati ya Vitabu, Nakuru

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wanakamati wote mnaosimamia makabati ya vitabu vya bure hapa Nakuru,

Salamu kwenu nyote. Ninawaandikia mbele ya watu kwa sababu tangazo lenu nalo mlilibandika mbele ya watu, kwenye kila kabati, likiwemo hili lililo barazani mwa duka langu la kushona sare huku Shabab. Tangazo linasema kila anayechukua kitabu aandike majina yake matatu, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu katika daftari mlilolifunga kwa kamba kwenye mguu wa kabati. Aache amana ya shilingi 100. Na akipitisha wiki mbili bila kurudisha, jina lake litatangazwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Mmesema ni kwa ajili ya nidhamu.

Naomba mliondoe hilo daftari. Nidhamu inakosekana kweli, hapo hatubishani, ila mmeitafuta kwa mtu asiyehusika.

Kabla ya yote niseme jambo moja la haki. Kazi mnayofanya ni ngumu na hamlipwi. Mnabeba maboksi ya vitabu kwa boda kwa pesa zenu, mnapaka makabati rangi, na mvua za Aprili zilipoingia mlikuja wenyewe na mabati na misumari. Mtu asidhani nawadharau. Nawaandikia kwa sababu mnasikia.

Mlipokuja kuniomba baraza, mliniambia kitabu kitakachowekwa pale kimetolewa. Hamkusema kimeazimwa. Neno hilo ndilo lililonifanya nikubali, kwa sababu sikutaka kuwa karani wa mtu yeyote. Na huo si utaratibu mliouzua nyinyi. Mwaka 2001 Mmarekani aitwaye Ron Hornbaker alianzisha BookCrossing: kitabu kinapewa nambari, kinaachwa mahali pa watu wengi, na atakayekiokota akipenda ataandika kwenye mtandao kwamba amekipata na kimefika wapi. Akipenda. Waliokaa sana katika mchezo huo wanajua kwamba vitabu vingi wanavyoviachilia havisikiki tena, na bado wanaachilia vingine. Mwaka 2009 mwingine, Todd Bol, katika mji wa Hudson jimboni Wisconsin, alitengeneza kijisanduku chenye umbo la jengo la shule kwa kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu, akakisimika nje ya nyumba yake na kukijaza vitabu. Sasa visanduku vya aina hiyo vimeenea katika nchi nyingi. Mtu hachungulii daftari ndipo achukue kitabu.

Kuna njia nyingine ya kuwapa watu vitabu, nayo ni njema vilevile. Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilipoanza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa mwaka 1996, wasomaji walisajiliwa, wakaazima, wakarudisha, maana vile ni vitabu vya umma na lazima vihesabiwe. Maktaba ina mkutubi, ina rekodi, ina kadi. Ninyi mnataka kabati liwe maktaba isiyo na mkutubi, na mkutubi mwenyewe, mkisema kweli, mnataka niwe mimi, nikiwa na sketi thelathini za kupinda kabla shule hazijafunguliwa.

Lakini kuchoka kwangu si hoja. Hoja ni majina.

Nakuru tunajuana. Ukimtajia mtu majina yako matatu, umeshamwambia kwenu ni wapi, babu yako alisema lugha gani, na atakisia hata unavyopiga kura. Hatupendi kulitamka hilo, lakini hakuna mkazi wa hapa asiyelijua. Mji huu ulipita katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008. Kuna watu waliohama mitaa wakati ule wakaenda kukaa mahali ambapo majina ya majirani yanafanana na yao, na wengine hawakurudi. Tumejifunza kuishi tena pamoja, tunauziana mboga, tunapanda matatu moja, tunazikana. Ila macho bado yanakimbilia jina.

Sasa hili kabati ni mahali ambapo mtu anafika, ananyoosha mkono, anachukua kitu kizuri na kuondoka bila kuulizwa yeye ni nani. Mahali pa namna hiyo ni pachache sana mjini. Nikiwa kwenye cherehani nawaona wote. Kijana wa boda anasoma kurasa za mwanzo akiwa bado ameketi juu ya pikipiki, helmeti kichwani. Bawabu wa lile ghorofa la mkabala anachukua kitabu saa kumi na mbili jioni akielekea lindo. Asubuhi mara anakirudisha, mara harudishi, na sijawahi kumuuliza. Kuna dada wa kazi ambaye akitumwa kwangu huchagua kitabu upesi upesi na kukisokomeza ndani ya leso, kwa sababu mama mwenye nyumba hapendi kumwona amekaa na kitabu. Huyo mnataka aandike jina na simu? Mwajiri wake atalisoma akija kuchukua sare ya mtoto.

Maana daftari lililofungwa kwa kamba barazani husomwa na kila mtu, na wala hawasomi orodha ya vitabu. Daftari lenu lilikuwa bado jipya mteja mmoja alipolifungua, akapitisha kidole kwenye majina kuanzia juu hadi chini, akasema maneno kuhusu watu wa upande fulani na tabia zao za kupenda vya bure. Sitayaandika hapa. Kabla ya daftari asingekuwa na la kusema, kwa sababu hakujua nani alichukua nini. Ninyi ndio mliompa.

Kuna na sheria, nayo sitaikalia sana kwa kuwa Katibu wetu anaifahamu kuliko mimi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka anayekusanya habari za watu achukue zile tu anazozihitaji na azitunze salama. Habari za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Daftari la kurasa 96 linaloning'inia barabarani mchana kutwa, limejaa nambari za kitambulisho na za simu zikiwa zimepangana, ni zawadi kwa hawa matapeli wanaotupigia simu kila siku wakijifanya wanatoka M-Pesa. Na watoto hawana kitambulisho. Mtoto wa Gredi ya 5 akisimama mbele ya tangazo lenu anaona jambo moja: hapa si pangu. Ile shilingi 100 ndiyo inammaliza kabisa, kwani kwa mama yake hiyo ni mboga ya jioni.

Najua mtaniambia habari za yule kijana. Kila mkutano ni yule kijana. Ndiyo, anakuja, anachukua riwaya mbili tatu za Kiingereza, na zinaonekana baadaye zimetandazwa mjini pamoja na vitabu vingine vya mtumba. Mimi pia inaniudhi. Lakini hebu tumfuate. Kitabu kimetoka Shabab, kimeuzwa mjini kwa hamsini au themanini, na aliyekinunua amekitaka kiasi cha kutoa pesa mfukoni. Huyo atakisoma. Pengine kitasomwa kwa bidii kuliko kingekaa kwangu kikila vumbi la Februari. Na daftari lenu litamnasa kila mtu isipokuwa yeye, kwa sababu ataandika jina la uongo na nambari ya hewa bila kupepesa jicho, huku dada wa kazi akiogopa hata kusogea.

Dawa yake ni muhuri. Wale wenye visanduku vya Todd Bol wana maneno wanayopiga kwenye vitabu, kwamba hiki daima ni zawadi na si cha kuuzwa. Nasi tuchonge muhuri wa mpira wenye maneno KITABU CHA BURE, HAKIUZWI, tupige ukurasa wa kwanza, na tupige tena ukurasa mmoja wa katikati, ule ule kwa kila kitabu, kama wafanyavyo wakutubi. Anayeweza kuchana ukurasa wa kwanza huwa hajui habari ya ule wa pili. Mnunuzi atakapoukuta, aibu itakuwa ya muuzaji, nasi hatujamwandama mtu.

Sasa nije kwa nidhamu niliyosema inakosekana. Inakosekana kwa watoaji. Miaka yote hii hakuna tangazo hata moja lililowahi kuwaambia watoaji chochote, kana kwamba anayetoa hawezi kukosea adabu.

Njooni mwone ninayoyakuta asubuhi. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza darasa la nane, ulifanywa mwaka 2023, na tangu hapo kila nyumba yenye vitabu vya darasa la saba na la nane vya mtaala wa zamani wa 8-4-4 imegundua kwamba kabati lipo. Vinaletwa kwa magunia. Mtoto wa Gredi ya 7 akibeba kitabu cha sayansi cha mtaala uliokwisha, anarudi kesho na uso umemshuka. (Cha hesabu nakiacha. Sehemu na asilimia hazijabadilishwa na waziri yeyote.) Kisha kuna karatasi za marudio zilizokwisha kujibiwa kwa biki, na nusu ya majibu ni makosa. Dayari za kampuni, kurasa tatu zimeandikwa orodha ya harusi. Kijitabu cha maelezo cha televisheni ambayo hata mwenyewe hanayo tena. Na riwaya isiyo na kurasa ishirini za mwisho, ambayo kwa maoni yangu ni uonevu. Afadhali mtu aitumie kuwashia jiko kuliko kumwachia mwenzake akeshe nayo halafu asijue nani alimuua nani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema tutoe taka.

Kanuni ya mtoaji iwe hii: weka kile ambacho ungempa mgeni mkononi ukimtazama usoni. Kikiwa kimelegea, kibandike. Kikiwa na vumbi, kifute. Kikung'ute pia, tena sana, kwa sababu kunguni hujificha kwenye uti wa kitabu na mikunjo ya jalada, na mtaa mzima unaweza kuugua kwa ukarimu wa nyumba moja. Ukiweza kukifunika kwa karatasi ya khaki kama tulivyofanya shuleni, Mungu akubariki. Mifuko ya plastiki ya kubebea msiniletee. Ilipigwa marufuku Agosti 2017 na sitaki askari wa kaunti wapate sababu ya kunizoea.

Halafu kuna vitabu ambavyo havifai kuingia kabatini hata vikiwa vipya, na hapa nawaomba kamati mnisikilize kwa makini kuliko kwingine kote. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, na vina muhuri unaoonyesha ni mali ya serikali na havifai kuuzwa. Vinafika kwangu. Vingine vina jina la shule na nambari iliyoandikwa kwa kalamu nene. Anayeviacha huwa na nia njema: amevikuta nyumbani, mtoto amehama shule au amemaliza, akaona asivitupe. Lakini kitabu hicho kimeandikwa mahali. Mwanafunzi akimaliza kidato cha nne, shule humtaka arudishe kila alichopewa kabla ya kumpa karatasi zake, na kilichopotea mzazi hukilipa. Kwa hivyo kitabu mnachokipanga vizuri kwenye rafu ya juu, mkipigie picha ya kujivunia, huenda ni deni la mama fulani wa Kaptembwo ambaye hajui kiko wapi. Vya maktaba ni hivyo hivyo, vile vyenye mfuko wa kadi na tarehe ya kurudisha.

Msivipange. Wekeni boksi moja chini ya kabati, na kila mwisho wa wiki mmoja wenu avipeleke shuleni au maktabani. Na mwenye kuvipeleka asiulizwe alivipata kwa nani, wala asiulize. Mkianza kumsaka aliyeviacha, hakuna atakayeviacha tena, vitaozea chini ya vitanda.

Adabu nyingine ya mtoaji ni kuondoka. Tuna mheshimiwa mmoja, sitamtambulisha zaidi ya hapo, aliyetoa kitabu kikubwa cha mapishi, kizuri kweli, kisha akawa anapita kila jioni kutazama kama bado kipo. Kilipochukuliwa alitaka nimweleze sura ya aliyekichukua, na kama alionekana mtu wa kupika. Nilimwambia, mzee, hiki si tena chako. Alinuna. Ukitoa kitabu na moyo wako ukabaki umeketi barazani kukichunga, rudi nacho nyumbani, hakuna atakayekulaumu.

Na shukrani? Kumbe zipo, ila hamjazitafuta. Watu wanaandika. Hawaandiki kwenye daftari la kamati, wanaandika nyuma ya risiti ya supamaketi na kuiacha ndani ya kitabu. Nimekuta kikaratasi cha mtu aliyesema alisoma akiwa amelazwa hospitali na usiku ukawa mfupi. Nimekuta kingine cha mtoto, anauliza kama kuna sehemu ya pili. Hawakuweka majina na haikupunguza chochote. Toeni vikaratasi, wekeni kalamu iliyofungwa kwa hiyo kamba yenu, na ombeni kwa upole: ukipenda, mwachie neno anayekuja. Hilo litawaambia kitabu kimefika wapi kuliko vitisho vya wiki mbili. Mwombeni pia msomaji asipige mistari ndani ya kitabu. Si kila mmoja wetu anataka kuonyeshwa penye maneno mazito.

Kuhusu lile wazo la Katibu la kuacha vitabu kwenye viti vya matatu za Nairobi na Eldoret, nalipenda, ila si kama linavyofanywa Ulaya. Huko mtu anaacha kitabu kwenye benchi na kwenda zake. Hapa kifurushi kisicho na mwenyewe ndani ya gari kinawashtua abiria, na wana haki ya kushtuka. Mpeni makanga mkononi, mwambieni ni cha bure kwa abiria yeyote, asalimiwe na ashukuriwe. Makanga akikiona ni chake, atakilinda.

Jambo la kaunti nitaligusa tu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kabati la barazani haliwezi kuwa na vitabu vya rejea, meza, taa wala mahali pa mtahiniwa kukaa kimya saa nne mfululizo. Mkialikwa kupiga picha na wakubwa wakiyasifu makabati yetu, tafadhalini ulizeni pia habari za maktaba, pale pale, kipaza sauti kikiwa bado mkononi. Na kwa kuwa uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia, watakuja wenye kutaka kuwajengea makabati mapya yenye rangi za chama na picha zao mlangoni. Wakatalieni wote, hata yule mnayempenda. Mkimpokea mmoja, mtaa utagawanyika kati ya wanaochukua kabati hili na wanaochukua lile, na tutakuwa tumerudi kule kule kwa majina.

Mkutano ni Jumamosi saa nane pale Nyayo Gardens, kama kawaida. Nitakuja na muhuri. Fundi ameshauchonga na gharama nimelipa mimi. Nitakuja pia na daftari. Kurasa zilizokwisha kuandikwa naomba zichanwe na kuteketezwa mbele ya wanakamati wote, na zilizobaki tupu zikatwe vikaratasi. Waliokwisha kutoa shilingi 100 warudishiwe. Nina hakika mweka hazina anajua ni kina nani bila kuangalia orodha, maana hawakuwa wengi.

Mkiamua kwamba daftari litabaki, nitawasikiliza kwa heshima, halafu mtaniletea mkokoteni Jumatatu asubuhi mchukue kabati lenu. Baraza nitaliwekea benchi la wateja.

Wenu,
Fundi wa sare, Shabab, Nakuru